Kuwinda wapiti bila kiongozi: hesabu inaanzia kwenye nyama

Wandugu wahitimu, na wadogo zetu ambao bado muko kwenye auditwari, naandika kutoka Missoula, jimbo la Montana, Marekani.

Tangu nilisema kwenye grupu kwamba mwisho wa mwezi wa kumi naingia mlimani kuwinda, maswali yamekuwa mingi. Mmoja ameuliza kama huku mkimbizi anaruhusiwa kushika bunduki. Mwingine anataka kujua kilo moja nitauza bei gani. Mwingine tena, tulisoma naye agro, ameuliza tu: "Na utaibeba namna gani?" Huyu wa mwisho ndiye aliuliza swali lenyewe. Naandika haya kwanza kwa kumjibu yeye. Wengine mutapata majibu yenu njiani.

Neno langu ni hili: kama unawinda bila kiongozi, matayarisho hayaanzi na bunduki. Yanaanza na ile saa ambapo mnyama yuko chini, jua linazama, na gari liko mbali. Piga hesabu ya saa ile kwanza, halafu rudi nyuma hatua kwa hatua mpaka leo. Utaona mwenyewe ni nini unapaswa kutayarisha.

1. Mnyama mwenyewe

Waamerika wanamuita elk. Kwa Kifaransa ni wapiti, neno lililotoka kwenye lugha ya Washawnee, wenyeji wa asili wa huku, na maana yake ni "matako meupe". Kwenye vitabu vyetu ni Cervus canadensis. Kwa umbo, mufikirie swala. Kwa uzito, mufikirie ng'ombe. Dume mzima anafika kilo 300 na kupita, jike ni karibu kilo 225. Anacheua, yuko na tumbo la vyumba vinne kama ng'ombe. Dume anaangusha pembe zake kila mwaka na zinaota mpya.

Mwezi wa tisa ni wakati wa kupandana. Madume yanapiga kelele kama filimbi ndefu na mlima wote unasikia. Mwisho wa mwezi wa kumi, msimu wa bunduki ukifunguliwa, hiyo kelele imekwisha. Madume yamechoka na yamejificha. Kwa hiyo usifikiri utasimama barabarani usikilize. Utamtafuta, na wawindaji wengi zaidi wanarudi nyumbani mikono mitupu. Hilo mtu alijue kabla hajatoa pesa yake.

Mwenye pesa analipa kiongozi, na hiyo ni maelfu ya dola. Kiongozi anaujua mlima, tena yuko na farasi au nyumbu za kubeba nyama. Mtu wa kawaida hapa haendi hivyo. Anaenda na rafiki yake, na nyama inatoka kwa migongo yao wawili.

2. Hesabu ya mgongo

Tuchukue dume mmoja. Ukiondoa ngozi, kichwa, matumbo na mifupa, unabaki na karibu kilo 100 za nyama safi. Mtu mwenye miguu mizuri anabeba kilo 25 kwenye mteremko bila kuumia. Hiyo ni mizigo minne.

Sasa weka umbali. Kama ulimuangusha kilomita 5 kutoka kwa gari na uko peke yako, utatoka na mzigo mara nne na utarudi bila mzigo mara tatu. 7 mara 5 ni kilomita 35. Ile ya asubuhi, ya kumtafuta, haimo ndani. Hizo kilomita ziko kwenye mlima, pengine kwenye theluji, na miti imeanguka kila mahali. Kwa mtu mmoja ni siku mbili za kazi, na nyama inangojea.

Ukiwa na mwenzako, kila mmoja anatoka na mzigo mara mbili na kurudi mara moja. Ni kilomita 15 kwa kila mtu. Inachosha, lakini inawezekana.

Juu ya hesabu hii, mimi na mwenzangu tumekata mpango mapema: hatupigi mnyama kupita kilomita 4 kutoka barabarani, na hatupigi aliye ndani ya korongo ambalo inabidi kupanda kutoka. Hata akisimama mbele yetu dume wa pembe kubwa kuliko wote, tunamuangalia, tunamuacha. Ni lazima kukata mpango huo ukiwa nyumbani, na kalamu mkononi. Mlimani, moyo ukianza kupiga, hesabu inakimbia.

Mwaka jana nilikwenda kama mbebaji wa mtu mwingine, bila permi na bila bunduki. Paja moja la nyuma la dume, likiwa bado na mfupa, lilinifundisha zaidi kuliko video zote. Tangu mwezi wa tano natembea mara tatu kwa wiki na sakado mgongoni. Nilianza na kilo 10 za mchele, leo niko kwenye 25. Mzee mmoja wa kwetu hapa akiniona napanda kilima na mfuko wa mchele anauliza kama soko la huko juu limefunguliwa. Acha acheke. Kushuka na mzigo ndiko kunavunja magoti, basi mazoezi ya kushuka ni ya lazima kama ya kupanda.

3. Nyama haingoji

Waliosoma zootekniki wataelewa haraka. Mwili wa wapiti ni kama jiko lililozimwa: moto umekwisha lakini joto limebaki ndani. Ngozi yake na manyoya ya majira ya baridi vinazuia joto kutoka. Hata kama nje ni digrii sifuri, nyama ya ndani karibu na mfupa wa paja inaweza kuoza kwa sababu joto limefungwa pale. Wawindaji wa hapa wanalijua sana hilo: nje nyama inaonekana nzuri, ukikata mpaka kwenye mfupa inanuka.

Dawa yake ni kufanya haraka. Ngozi inatoka kwanza. Halafu unakata mapaja mawili ya nyuma, mabega mawili ya mbele, nyama ndefu ya mgongo na ile laini ya ndani chini ya uti. Kuna namna ya kufanya yote hayo bila kupasua tumbo: unachuna upande mmoja, unatoa vipande, unamgeuza, unachuna upande wa pili. Kinyesi na maji ya tumbo haviguswi. Kila kipande kinaingia kwenye mfuko wa kitambaa chepesi unaopitisha hewa, sio mfuko wa plastiki, na kinatundikwa kwenye kivuli. Lengo ni kushuka chini ya digrii 4 upesi iwezekanavyo.

Na sheria ya Montana iko wazi hapo: mapaja yote manne na nyama ya mgongo ni lazima yatoke mlimani. Ukichukua pembe ukaacha nyama, umefanya kosa la jinai.

Kuna jambo lingine la zootekniki ambalo watu wanalisahau. Mnyama aliyekimbizwa kwa muda mrefu, au aliyejeruhiwa akakimbia, anamaliza glikojeni ya misuli. Akifa, asidi ya laktiki haipatikani ya kutosha na pH haishuki. Nyama inakuwa nyeusi, ngumu, na haikai muda mrefu. Tulijifunza hivyo kwa ng'ombe wa machinjio waliotembezwa siku nzima, na kwa wapiti ni vilevile. Kwa hiyo risasi moja nzuri kwa mnyama aliyetulia ni huruma, na pia ni ubora wa nyama.

4. Ramani kabla ya bote

Karibu na Missoula kuna msitu wa taifa wa Lolo, zaidi ya hekta 800,000. Kwa kulinganisha, ni karibu sawa na Hifadhi yetu ya Virunga. Ni mali ya umma, na mtu yeyote mwenye permi anaingia kuwinda. Hiyo ndiyo inafanya uwindaji wa bila kiongozi uwezekane: ardhi ipo, na si ya tajiri mmoja.

Lakini ardhi ya umma imechanganyikana na ya watu binafsi kama viraka vya nguo. Montana, huwezi kuwinda kwenye ardhi ya mtu bila ruhusa yake, hata kama hakuweka kibao. Kuna programu za simu zinazoonyesha mipaka na jina la mwenye shamba, na ramani unaishusha kabla ya kuondoka kwa sababu mlimani hakuna rezo. Pia kuna mpango wa jimbo unaoitwa Block Management, ambapo wenye mashamba wanakubali wawindaji waingie kwa masharti. Kaskazini ya mji kuna ardhi ya makabila ya Wasalish na Wakootenai, inayoitwa Flathead. Mtu asiye wa makabila hayo hawindi wanyama wakubwa mule. Hapo hakuna majadiliano.

Kwa sisi tulio na ngozi nyeusi na lafudhi ya Kivu, kujua mpaka ni usalama pia. Sitaki kukutana na mwenye shamba mwenye hasira nikiwa na bunduki begani na sijui niko wapi. Nikiwa na ramani mkononi, na jile ya rangi ya chungwa kifuani, mazungumzo yanaanza vizuri zaidi.

Halafu fungua ile ramani ya mistari ya mwinuko, zile kurbu tulizochora kwenye darasa la topografia. Hapa agro inatusaidia kweli. Kwetu Kivu tuko karibu na ikweta, jua linapita juu ya kichwa, na upande wa mlima haubadilishi mambo sana. Missoula iko karibu digrii 47 kaskazini. Jua la majira ya baridi linabaki kusini, liko chini. Mteremko unaoangalia kusini unakauka, theluji inayeyuka, majani yanaota. Mteremko unaoangalia kaskazini unabaki na unyevu, msitu mzito, giza na baridi. Wapiti anakula majani usiku na alfajiri upande wa wazi, halafu mchana analala upande wa msitu mzito. Basi tafuta kwenye ramani mahali pande hizo mbili zinakutana juu ya mgongo wa mlima, na maji karibu. Weka alama. Nimeweka alama kumi na mbili, na tisa kati yake nimezitembelea kwa miguu mwezi wa saba na wa nane kuangalia mavi, nyayo na njia zao.

5. Upepo una ratiba

Wapiti anaweza kukuona na asikimbie. Anaweza kusikia kijiti kinavunjika na akangoja. Akisikia harufu yako, umemaliza, hurudi kumuona siku hiyo.

Aliyelima viazi kwenye mabonde ya Masisi au Lubero anajua kwamba hewa baridi ya usiku inashuka kama maji na kukusanyika chini. Ndiyo maana ukungu wa asubuhi uko bondeni, na ndiyo maana mmea wa chini unaungua na baridi wakati wa juu umepona. Asubuhi jua likipasha mteremko, hewa inaanza kupanda. Jioni inashuka tena. Hiyo ndiyo ratiba ya upepo wa mlimani siku ambayo hakuna dhoruba.

Kwa hiyo asubuhi na mapema, hewa ikiwa bado inashuka, unamkaribia mnyama kutokea chini. Jua likisimama vizuri, hewa inapanda, na wewe unapaswa kuwa tayari uko juu yake au upande. Saa ile hewa inageuka, usitembee. Kaa chini, ngojea ijulikane inakwenda wapi. Chupa ndogo ya unga mwepesi, unaupuliza na kuangalia, inatosha.

6. Makaratasi

Sasa wale waliouliza juu ya mkimbizi na bunduki. Mtu aliyepokelewa hapa kama mkimbizi, au mwenye kadi ya ukaaji wa kudumu, hakatazwi na sheria ya serikali kuu kuwa na bunduki ya kuwindia. Dukani wanachunguza jina lake kama la kila mtu. Aliye nchini bila makaratasi amekatazwa kabisa. Mwenye viza ya masomo au ya matembezi kwa kawaida amekatazwa pia, isipokuwa awe na permi halali ya kuwinda. Munaotafuta burse za huku mulishike hilo: usiguse bunduki ya rafiki, hata kwa picha, kabla hujajua viza yako inasema nini.

Kwa permi yenyewe: kila aliyezaliwa baada ya tarehe 1 Januari 1985 ni lazima afanye kwanza masomo ya usalama wa mwindaji. Ni mtihani wa kweli, unasomea. Halafu kuna swali la wewe ni wa wapi. Aliyekaa Montana siku 180 mfululizo anahesabiwa kama mwenyeji na analipa bei ndogo. Anayetoka jimbo lingine analipa zaidi ya dola 1,000, tena anaingia kwenye bahati nasibu.

Jimbo limegawanywa katika wilaya za uwindaji zenye nambari, na kila wilaya iko na sheria yake. Mfano: wilaya nyingi zinaruhusu tu dume mwenye tawi la pembe linaloonekana kwenye nusu ya chini ya pembe kuu, na tawi hilo lifikie inchi 4, yaani karibu sentimita 10. Kwa hiyo kabla ya kugusa kifyatulio unasoma pembe na darubini. Kama hauoni tawi, haupigi. Msimu wa bunduki ni wiki tano, unaisha Jumapili baada ya sikukuu yao ya Thanksgiving. Saa za kuwinda zinaanza nusu saa kabla ya jua kutoka na zinaisha nusu saa baada ya kuzama. Unavaa rangi ya chungwa ya inchi mraba 400 juu ya kiuno, ionekane pande zote. Na mnyama akianguka, permi inahakikishwa palepale kabla ya kumsogeza.

7. Bunduki, na mahali pa kupiga

Bunduki ni fupi kueleza. Yangu ni ya mkono wa pili, ya risasi aina ya 30-06, ambayo imeua wapiti kwa zaidi ya miaka mia moja. Kuna za bei kali, na mwenye pesa anunue. Kitu kinachohitaji kazi ni mwili wako. Kwenye uwanja wa mazoezi watu wanapiga wakiwa wamekaa mezani. Mlimani hakuna meza. Fanya mazoezi ukiwa umepiga magoti, umekaa chini, umeegemea sakado, na baada ya kukimbia kidogo ili moyo upige.

Mahali pa kupiga ni mapafu na moyo: mnyama akisimama ubavu kwako, fuata mguu wa mbele kwa nyuma kidogo, panda theluthi moja ya kimo cha kifua kutoka chini. Ni eneo la ukubwa wa sinia. Umbali ambao unaweka risasi tano kwenye sinia bila kukosa, ukiwa umepiga magoti, ndio umbali wako. Wangu ni mita 200. Mnyama wa mita 300 ni wa mtu mwingine.

8. Baridi na dubu

Urefu wa milima hautatutisha sisi wa Kivu. Missoula yenyewe iko chini kuliko Goma na Bukavu. Baridi ndiyo mambo mengine. Usiku wa mwezi wa kumi na moja kushuka digrii 10 chini ya sifuri ni kawaida.

Pamba inashika jasho, na jasho likishika baridi linakutoa joto la mwili. Vaa sufu karibu na ngozi, tabaka juu ya tabaka, na uvue kabla ya kupanda, sio baada ya kulowa. Chukua namna tatu za kuwasha moto, torshi mbili, chakula cha siku moja zaidi. Mtu akianza kutetemeka, kuongea ovyo na kuangusha vitu, uwindaji umekwisha: mukaushe, mupe joto, mushuke. Na kabla ya kutoka, acha karatasi kwa mtu wa nyumbani: gari litakuwa wapi, tunawinda mteremko upi, tukipita saa fulani bila kusikika apige simu kwa sherifu.

Dubu grizzly wapo kwenye milima hii. Harufu ya damu inawaita. Kila mmoja wetu anabeba kopo la dawa ya pilipili kiunoni, mahali mkono unafika bila kutafuta, sio ndani ya sakado. Nyama tunaitundika mbali na matumbo, mahali panapoonekana kutoka mbali. Tukirudi kuchukua mzigo wa pili tunaongea kwa sauti na kuangalia kwanza. Tukikuta dubu ameketi juu yake, nyama imekuwa yake.

9. Na bei ya kilo?

Haiuzwi. Hilo ndilo jibu. Nyama ya mnyama wa pori uliyemuwinda huku unakula, unagawa kwa jirani, unapeleka kwenye msiba au kwa mama aliyezaa, lakini hauiuzi. Anayeuza anaingia mahakamani.

Mwanzoni niliona ni ajabu. Halafu nikasoma historia. Mwanzoni mwa karne ya 20, wapiti wa Amerika Kaskazini walikuwa wamebaki chini ya 100,000, baada ya miaka ya kuwinda kwa soko la nyama, ngozi na meno. Leo ni karibu milioni moja. Kilichotokea katikati ni vitu vichache: soko la nyama ya pori lilifungwa, misimu na idadi zikawekwa, wapiti wa Yellowstone wakapakiwa kwenye treni kupelekwa majimbo ambako walikuwa wamekwisha. Na mwaka 1937 sheria inayoitwa Pittman-Robertson ikaamua kwamba kodi ya bunduki na risasi, asilimia 11 kwa bunduki ndefu, irudi kwa majimbo kwa kazi ya wanyama. Nikinunua pakiti ya risasi leo, sehemu yake inalipa mtu wa kuhesabu wapiti.

Sisemi kwamba huku kila kitu ni safi. Wasalish walikuwa wanawinda kwenye hili bonde la Missoula kabla ya mzungu yeyote kufika, na mkataba wa Hellgate wa mwaka 1855 uliwabakisha kwenye kipande cha kaskazini. Nikifikiria hilo, nawafikiria Batwa waliotolewa Kahuzi-Biega miaka ya 1970. Wanyama kuongezeka hakufuti deni la namna hiyo.

Lakini kwetu nako sheria ipo. Sheria nambari 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982 inapanga uwindaji na inataka permi. Viboko wa Virunga walikuwa makumi ya maelfu miaka ya 1970. Katikati ya miaka ya 2000 walikuwa hawafiki elfu moja. Vita ilifanya kazi yake, na soko la nyama likafanya yake. Tofauti ninayoiona, mimi mtu wa lisansi moja tu, ni kwamba mwindaji wa hapa yuko na sababu yake mwenyewe ya kufuata sheria: permi ni rahisi kupata, ardhi iko wazi kwake, na pesa yake anaona inakwenda wapi. Kwetu mwanakijiji anaiona sheria siku ya kukamatwa tu.

Kwa hiyo niko na ombi kwa munaotafuta sujet ya memware, hasa zootekniki na mazingira. Wawindaji wa vijiji vyetu wanapiga hesabu zao pia: umbali, mzigo, bei ya sokoni, hatari ya mlinzi. Nani kati yenu amekaa nao akaandika hizo hesabu, kilo kwa kilo, mwezi kwa mwezi? Kama yupo, namuomba aweke hapa. Kama hayupo, kazi hiyo inangoja mtu, na haihitaji viza.

Mimi na mwenzangu tunaingia mlimani Jumamosi ya kwanza ya msimu, siku mbili, kwa sababu Jumatatu ni kazi. Tukirudi na nyama, majirani wa Kikongomani wanajua mlango. Tukirudi bila, tutapika sombe na ndagala kama kawaida. Maswali muweke chini, nitajibu jioni nikitoka kazini.